Queen: Sifa Wanazostahili na Sifa Tunazowapa Bure

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Mji Mkongwe, Unguja, mbele ya vijana wanaojifunza muziki na wazee wao. Mlioshindwa kufika mmeniomba maandishi, nami nayaweka kama yalivyosemwa. Nyimbo tulizozisikiliza pamoja itabidi mzitafute wenyewe.

Assalaam alaykum. Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokuja na magitaa mgongoni, karibuni sana.

Nimepewa swali moja nilijibu: je, Queen, bendi ya roki ya Uingereza, inastahili jina kubwa ililonalo? Kwingine swali hili ni la kupigia soga. Hapa kwetu lina kesi ndani yake. Mgeni anashuka boti, hajapata hata maji ya kunywa, anauliza alikozaliwa Freddie Mercury, muimbaji wao. Makumbusho yake iko hapo Shangani tangu 2019. Fulana zenye masharubu yake zinaning'inia kila uchochoro. Nikisema hapa leo kwamba Queen hawastahili, kuna watu humu nitakuwa nimewamwagia unga wao. Lakini nimeombwa kusema kweli, na nitaisema.

Wanastahili. Hilo nalitoa mapema ili asiwepo wa kukaa roho juu. Ila nyingi ya sifa tunazowapa tunazipeleka siko. Tunamsifu mtu mmoja kwa kazi ya watu wanne. Tunasifu dakika ishirini za jukwaani tukasahau miaka ya karakana. Na kuna doa moja kubwa, doa lililo hapa hapa Afrika, ambalo sisi Waafrika ndio tungekuwa wa kwanza kulitaja, nasi tumelifunika kwa fulana.

Nianze na mashtaka, na sitakaa sana hapo. Queen ni bendi ya nyimbo, si bendi ya albamu. Albamu zao nyingi huzisikilizi toka mwanzo hadi mwisho bila kuruka mahali. Mimi nahesabu tatu zilizotimia: Queen II, Sheer Heart Attack na A Night at the Opera, zote za 1974 na 1975. Baada ya hapo ni lulu na kokoto katika kapu moja. Mwaka 1982 walitoa Hot Space, wakataka kuwa bendi ya disko, na mashabiki wao wengi wa Marekani hawakuwarudia tena kama zamani. Na Waingereza, je, wamenunua nini zaidi? Greatest Hits, mkusanyiko wa 1981. Hakuna albamu iliyouzwa zaidi yake Uingereza. Mwaka 2022 ilivuka nakala milioni 7. Wasikilizaji wenyewe wamewachambulia.

Basi, hayo ndiyo mashtaka. Sasa twendeni karakana.

Mwaka 1963, nje kidogo ya London, kijana mmoja anataka gitaa la umeme na nyumbani hakuna pesa ya gitaa la umeme. Anaitwa Brian May. Baba yake, Harold, ni fundi wa mambo ya elektroniki. Wanakaa chini, baba na mwana, wanaamua kulichonga. Shingo ya gitaa inatoka kwenye mbao za meko kuukuu zenye matundu ya wadudu. Matundu wanayaziba kwa njiti za viberiti. Sehemu ya kiwiliwili inatoka kwenye meza ya zamani. Springi zinazovuta nyuzi zirudi mahali pake ni za vali za pikipiki. Ncha ya mkono wa kutikisia nyuzi ni kipande cha sindano ya kufumia ya mama. Iliwachukua kama miaka miwili. Na kijana alipoanza kulipiga, hakutumia kipiga cha plastiki. Alitumia sarafu ya peni sita, kwa sababu ni ngumu na pembeni ina meno, na yale meno yanakwaruza uzi.

Gitaa hilo, wanangu, ndilo mnalolisikia katika karibu kila wimbo wa Queen. Na Brian bado analipiga.

Wa pili, John Deacon, mpiga besi, alisomea elektroniki chuoni. Alikuta bodi ya saketi imetupwa jaani, akaichukua, akaifunga ndani ya kasha dogo la spika, akaiwasha kwa betri ya volti 9. Amplifaya ya jalalani! Brian alipochomeka gitaa lake humo, ikatoa sauti inayokaribia fidla na tarumbeta. Wakaitumia studio kwa miaka na miaka. Ndiyo maana albamu zao za miaka ya 1970 ziliandikwa kwa fahari kwamba hamna sintesaiza ndani, ile mashine ya umeme inayoigiza sauti za ala. Watu walikuwa wakiisikia okestra, na okestra haikuwepo. Palikuwa na mbao za meko na bodi ya jaani.

Sasa niwaulize, na msinijibu kwa adabu, nijibuni kweli: nani kati yenu ameshawahi kuifungua amplifaya yake akaona ndani mna nini? ... Naam. Mkono mmoja. Na ni fundi wa redio.

Hapo ndipo naanzia kuwapa haki yao. Kabla ya sauti ya Freddie, kabla ya mavazi, walikuwa watu wa kazi. Chukueni Bohemian Rhapsody. Walianza kuirekodi Agosti 1975 katika studio iliyo shambani, Rockfield, huko Wales, na mtayarishaji wao Roy Thomas Baker. Wimbo ulikuwa kichwani mwa Freddie. Wenzake walikuwa wakirekodi vipande bila kujua vitaungana vipi. Kile kipande cha katikati, kinachosikika kama kwaya ya opera, ni watu watatu tu: Freddie, Brian na mpiga ngoma Roger Taylor. Roger ndiye mwenye zile sauti za juu kabisa. Kanda ilikuwa na traki 24, yaani njia 24 za kurekodia sauti, nazo hazitoshi kwaya. Wakawa wanaimba, wanajaza traki, wanazikusanya kuwa chache, wanaimba tena juu yake. Tena. Na tena. Kanda ikapita kwenye mashine mara nyingi mno hata ukiiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Karibu wiki tatu zilikwenda kwenye kipande hicho kimoja.

Halafu ikaja kazi ya kuutoa. Dakika 5 na sekunde 55! Kampuni ikasema redio hazitaupiga, ni mrefu mno. Mtangazaji mmoja rafiki yao, Kenny Everett wa Capital Radio ya London, akaupiga mara 14 katika wikiendi moja. Jumatatu watu wakawa madukani wanautafuta, na haujatoka. Ukakaa namba moja Uingereza wiki 9.

Wapo ndugu zetu wanaokamata neno moja la Kiarabu ndani ya wimbo ule wakataka kulijengea ghorofa la Uzanzibari. Mimi simo. Uzuri wa wimbo ule uko katika zile wiki tatu.

Nakuja kwenye jambo ambalo hasa ndilo linanifanya niseme wanastahili, na ambalo nadra utalisikia.

Nani alitunga We Will Rock You? Freddie? Hapana, Brian. Nani alitunga Radio Ga Ga? Freddie? Hapana, Roger. Nani alitunga Another One Bites the Dust? Freddie? Hapana. Ni yule mpole wa besi, John Deacon, aliyeingia mwisho, 1971, na ambaye wengi humu mkipishana naye njiani hamtamjua. I Want to Break Free pia ni wa kwake. Freddie alitunga Bohemian Rhapsody, Somebody to Love, We Are the Champions. Wanne, na kila mmoja ana wimbo uliotikisa dunia. Mwaka 2003 waliingizwa wote wanne, kila mtu kwa jina lake, katika Jumba la Watunzi la Marekani.

Nitajieni bendi kubwa yenye watunzi wanne wa kiwango hicho. Fikirini. Beatles? Watatu, na Ringo msinilazimishe nimseme. Rolling Stones? Wawili. Led Zeppelin ninawapenda kuliko Queen kwa jambo moja, uzito wa ngoma zao, lakini mtungo mkuu ni wa Page na Plant.

Huyo Deacon ana kisa. Alikuwa anapenda muziki wa Wamarekani Weusi, hasa bendi ya Chic na besi ya Bernard Edwards. Akaja na ule mstari wa besi mnaoujua, dum, dum, dum. Roger hakufurahi, ngoma zilikaushwa, zikarudiwa rudiwa kwa kanda, si ngoma za mtu wa roki. Wimbo ukawekwa tu ndani ya albamu. Michael Jackson ndiye aliyewasikiliza huko Los Angeles akawaambia, huu utoeni peke yake. Wakautoa. Ukawa namba moja Marekani mwaka 1980, na redio za Weusi zikaupiga kama wa kwao. Mpole wa besi ndiye aliyewapa wimbo wao uliouzwa kuliko yote Marekani wakati ule.

Msidhani walikuwa wakiishi kwa mapenzi. Upande wa pili wa sahani ya Bohemian Rhapsody uliwekwa wimbo wa Roger kuhusu gari. Enzi hizo kila nakala iliyouzwa ililipa watunzi wa pande zote mbili sawasawa. Kwa hiyo Roger akala sawa na Freddie, kwa wimbo wa gari! Ugomvi huo ulidumu miaka. Walipofika albamu ya The Miracle, 1989, wakakata shauri: kila wimbo jina la mtunzi litakuwa Queen, mapato yagawanywe kwa wanne. Vijana mlio na vikundi, mkiondoka hapa na kitu kimoja, ondokeni na hicho. Nimeona vikundi vya hapa hapa vikivunjika kwa wimbo mmoja uliopigwa redioni.

Sasa hadhira. Mei 1977 walikuwa Stafford, Uingereza, ukumbi wa Bingley Hall. Onyesho limekwisha, wametoka jukwaani, na watu hawaondoki. Wanawaimbia wao, wimbo wa mashabiki wa Liverpool. Brian akalala na swali: watu waliobanana hivi, wasioweza hata kugeuka, wanaweza kufanya nini? Wanaweza kukanyaga. Wanaweza kupiga makofi. Wanaweza kuimba. Akaamka na We Will Rock You. Waliirekodi katika kanisa la zamani lililofanywa studio, kaskazini mwa London, kwa kukanyaga mbao za sakafu. Hamna ngoma mle, hamna besi, mpaka gitaa lije mwishoni. Na kwa kuwa Brian alikuwa mwanafunzi wa fizikia, aliyerudi baadaye kumaliza shahada ya uzamivu ya elimu ya nyota mwaka 2007, vishindo vile alivirudia kwa vipimo vya wakati vilivyofuata namba tasa, ili sikio lisisikie mwangwi, lisikie umati.

Mwandishi mmoja wa jarida la Rolling Stone aliandika 1979 kwamba huenda hii ndiyo bendi ya kwanza ya kifashisti katika roki. Wimbo ule aliusikia kama amri ya kijeshi. Nimemfikiria sana yule bwana. Naona hakuwahi kukaa kwenye taarab. Sisi tunajua kwamba msikilizaji ana kazi yake. Bi mkubwa akiguswa na ubeti, anainuka na noti yake, anakwenda taratibu na mapigo hadi kwa muimbaji, anamtunza, na ukumbi mzima unajua ubeti ule umemwangukia nani. Nani anayemwamuru hapo? Hakuna. Wimbo umemwachia nafasi, naye ameijaza. Queen waliiacha nafasi hiyo kwa watu elfu sabini, na hata mtoto wa shule asiyejua Kiingereza anaijaza kwa kupiga dawati.

Tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, Live Aid, tamasha la kuwachangia walioshikwa na njaa Ethiopia, mnalijua. Wengine walifika wakapiga tu. Queen walikodi ukumbi wakafanya mazoezi, wakazipunguza nyimbo zao zitoshee dakika zao kama ishirini. Jua la jioni, hakuna taa za kutisha, hakuna moshi. Freddie akapiga ile sauti yake, eeeo, uwanja ukamrudishia. Kwenye Radio Ga Ga mikono elfu sabini ikapiga makofi pamoja. Alijua kuongoza watu kwa koo, hilo hatumnyang'anyi. Mimi nikiitazama hata leo vinyweleo vinasimama.

Ila ngojeni. Msipige makofi bado.

Ile filamu ya 2018 kuhusu Queen, Bohemian Rhapsody, mliyoitazama wengi inaonyesha kwamba kabla ya Live Aid bendi ilikuwa imetengana, na Wembley ndipo walipopatana. Haikuwa hivyo. Mwezi Mei mwaka ule ule walikuwa wanamaliza ziara yao Japan. Na ziara hiyo, ambayo filamu imeiruka, ilipita wapi? Oktoba 1984 ilipita Sun City.

Vijana, Sun City ni hoteli na kasino, Bophuthatswana, moja ya vile vijisehemu ambavyo makaburu wa Afrika Kusini waliviita nchi huru na ambavyo dunia ilikataa kuvitambua. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende. Chama cha wanamuziki Uingereza kilikuwa kimekataza. Queen wakaenda. Freddie sauti ikamkatika, baadhi ya maonyesho yakafutwa, lakini walipiga. Walirudi wakatozwa faini, wakaingizwa kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo. Brian akajitetea: sisi si wanasiasa, tunampigia yeyote anayetaka kuja kutusikiliza.

Wazee mlioko hapa mnakumbuka mwaka 1984 sisi tulikuwa wapi. Dukani hakuna sabuni, hakuna sukari. Na katika dhiki ile, Mazimbu, Morogoro, nchi hii ilikuwa imewapa ANC ardhi, wamejenga shule ya Solomon Mahlangu, watoto waliokimbia risasi za Soweto wanasoma. Maskini tulikuwa tumechagua upande. Hawa, matajiri wa London, na mmoja wao kazaliwa hapa, wakashindwa kukataa kazi moja ya hotelini. Oktoba hadi Julai ni miezi tisa. Miezi tisa baada ya kupokea pesa za Sun City walisimama Wembley wakiimbia njaa ya Afrika. Kweli walitoa msaada kwa shule ya watoto viziwi na wasioona kule kule Bophuthatswana. Ni jambo jema. Halifuti.

Je, linaondoa ukubwa wa muziki wao? Naambiwa nitenganishe. Mimi sitenganishi, nabeba vyote viwili. Bohemian Rhapsody ni kazi kubwa na Sun City ni aibu kubwa, na waliofanya ni watu wale wale wanne.

Nimalizie na Freddie wetu. Wetu kwa kiasi gani? Farrokh Bulsara alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Kiparsi. Baba yake, Bomi, alikuwa karani wa fedha wa serikali ya kikoloni. Bado mdogo akapelekwa bweni Panchgani, India. Huko ndiko alikojifunza piano na kuingia bendi yake ya kwanza. Akarudi 1963, na 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, London. Hesabuni wenyewe. Tulimpa utoto, India ikampa piano, Uingereza ikampa jukwaa. Siti binti Saad naye alikwenda Bombay 1928 kurekodi, akarudi, na sahani zake zikasikika pwani nzima. Nani kati ya hao wawili anauziwa fulana Shangani?

Mwaka 2006 palipangwa sherehe ya kumkumbuka Freddie hapa, ikapingwa, ikafutwa, kwa sababu ya maisha aliyoishi. Mnajua ninachokisema, na humu mko wenye rai tofauti. Mimi nasema tu kwamba hatuwezi kuuza sura yake mchana na kumkana usiku.

Kuhusu ugonjwa wake niseme machache. Aliutangaza UKIMWI tarehe 23 Novemba 1991, akafa kesho yake, umri miaka 45. Philly Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda, alijitokeza 1989, akiwa hai, akasimama mbele ya watu mashuleni na makanisani akasema mimi ninao. Kwa ujasiri huo, Afrika Mashariki tulitangulia. Lakini kazi, Freddie hakuiacha. Walipomletea The Show Must Go On, wimbo wa sauti za juu mno, Brian alihofia kwamba mwili hautaweza. Freddie akapiga funda la vodka, mashekhe mtanisamehe, akaingia akauimba. Usikilizeni leo usiku kwa spika nzuri, si kwa simu. Mtaisikia sauti ya mtu asiyeweza hata kutembea vizuri, na hakuna noti aliyoikwepa.

Jibu langu ndilo lile lile nililolitoa mwanzo. Sasa maswali. Nimeshaona mkono wa yule bwana wa nyuma mwenye fulana ya Hot Space, naye ana haki ya kunigombeza kwanza. Mpeni kipaza sauti.